Programu huria: matumizi ya neno "huria" na istilahi za zana zake

Maana. Programu huria ni programu ya kompyuta ambayo msimbo wake chanzo, yaani maagizo yaliyoandikwa na watunzi wake, uko wazi, na leseni yake humruhusu kila mtu kuitumia, kuichunguza, kuibadili na kuisambaza.

Huria na bure. Kosa la kawaida ni kuiita "programu ya bure". Neno *huria* hueleza kutokuwapo kwa vizuizi; halielezi bei. Katika soko huria bidhaa hununuliwa, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, hutoza ada. Vivyo hivyo, programu huria huweza kuuzwa. Mfasiri anayeandika "bure" huificha haki ya msomaji ya kuirekebisha programu.

*Mfano:* Programu hii ni ya bure lakini si huria: hailipiwi, ila msimbo wake umefichwa.

Haki hiyo imekinufaisha Kiswahili chenyewe. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Leseni ya OpenOffice iliruhusu tafsiri hiyo ifanywe na kusambazwa bila kuomba kibali maalumu.

Zana za kuanzia. Anayetaka kuchangia mradi wa programu huria atakutana na istilahi zifuatazo:

- kihariri matini: programu ya kuandikia msimbo. Kisichanganywe na *kichakata matini*, ambacho huongeza alama za mpangilio zisizotakiwa katika msimbo.
- mfumo wa kudhibiti matoleo: zana inayotunza historia ya mabadiliko. Unaotumika zaidi ni Git, uliobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005.
- hazina: mahali zinapotunzwa faili za mradi pamoja na historia yake.
- tawi: mkondo wa kazi uliotengwa ili majaribio yasivuruge kazi kuu. Tawi *huunganishwa* na shina kazi ikikamilika.
- kiraka: badiliko linalotengenezwa ili kuziba kasoro, kama kiraka cha nguo.

Pakua na sakinisha. Vitenzi hivi havibadilishani nafasi. *Kupakua* ni kuchukua faili kutoka mtandaoni, kama chakula kinavyopakuliwa kutoka chunguni. *Kusakinisha* ni kuiweka programu katika kompyuta ikawa tayari kutumika. Mzizi wake ni *sakini*, yaani kukaa mahali. Tofauti hiyo huonekana wazi pale ambapo mtandao ni hafifu.

*Mfano:* Mwalimu wa Lingeka alipakua Git akiwa Bariadi mjini, kisha akaisakinisha kwenye kompyuta za shule bila intaneti.