Pasipoti ni moja, ruhusa ya kuingia ni nyingine

1/ Kila kampeni tunaahidiwa kazi ng'ambo. Tunabishana ni nafasi ngapi, lakini ni wachache wanaouliza: huyu kijana ataingia kwa viza gani? Hebu turudi 1968. UZI.

2/ Kenya ilipopata uhuru, 12 Desemba 1963, Mhindi aliyezaliwa hapa na mzazi aliyezaliwa hapa alikuwa raia moja kwa moja. Wengine walipewa miaka 2 wajiandikishe. Wengi hawakujiandikisha. Walibaki na pasipoti za Uingereza, wakiamini hiyo ndiyo akiba ya siku mbaya.

3/ Siku ikafika. 1967 Kenya ikapitisha sheria mpya za uhamiaji na leseni za biashara. Asiye raia sasa alihitaji kibali cha kazi, na duka lake lingeweza kunyimwa leseni. Watu wakaanza kukata tiketi za London.

4/ Njia yao ilikuwa halali kabisa. Sheria ya Uingereza ya 1962 ilibana wahamiaji kutoka Jumuiya ya Madola, lakini haikuwagusa hawa, kwa sababu pasipoti zao zilitolewa na ubalozi wa Uingereza, si serikali ya koloni.

5/ Kule nako siasa zikachemka. Februari 1968 mswada ukasukumwa bungeni kwa siku chache tu. 1 Machi ukawa sheria. Sharti jipya: wewe, mzazi wako, au babu ama nyanya yako awe na mizizi Uingereza. Huna? Panga foleni ya vocha. Zilianza na 1,500 kwa mwaka, kwa wakuu wa familia.

6/ Pasipoti ile ile, lakini mjukuu wa setla aliingia, mwenye duka wa Kihindi akaachwa nje. 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema ubaguzi huo ni wa kudhalilisha. Mfumo wa vocha ulidumu hadi 2002.

7/ Kwa hivyo mwanasiasa akikuahidi ng'ambo, muulize: Viza imefungwa kwa mwajiri mmoja? Nikiachana naye, nabaki na haki gani? Mkataba ukiisha, naweza kuongeza muda ama narudi? Familia inaruhusiwa? Na sheria ikibadilika nikiwa njiani?

8/ Ahadi inatolewa jukwaani hapa. Muhuri unapigwa kule, na hao wa kule wana wapiga kura wao.