Bi Harusi Ashuka Pwani: Uvuvi wa Wanawake wa Visiwani, Jana na Leo

Kila msimu wa harusi wapo mabibi harusi wa mjini wanaoolewa shamba, Makunduchi, Jambiani au ng'ambo Pemba. Fungate likimalizika, siku ya bamvua mawifi wote wanachukua vikapu wanashuka pwani, na bibi harusi anabaki barazani na simu yake. Hii tumewaandikia nyinyi. Lakini kabla hatujawaambia namna ya kumkamata pweza bila kupiga kelele kijiji kizima kikasikia, tuwaambie kwanza mnaingia katika kazi ya kina nani.

Jina lenyewe linasema. Pwani ni pale maji yanapopwa. Wanaume walikuwa na bahari ya ngalawa, madau na madema. Wanawake walikuwa na eneo hili la katikati, ambalo saa sita za siku ni bahari na saa sita ni uwanja. Waliochimbua Unguja Ukuu, mji uliokuwa ukifanya biashara tangu karne ya 7, wamekuta mifupa ya samaki na magamba ya makombe kwenye mabaki ya majiko ya wazee wetu. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliandika kuwa chakula cha watu wa pale ni ndizi na samaki. Kitoweo kile kilipatikanaje na nani alikiokota, hilo wasafiri wa kiume hawakuwa na desturi ya kuliuliza.

Halafu kuna simbi, hizi tunazoshonea mapambo. Katika miaka ya 1840 na 1850 kampuni za Hamburg, ya Hertz na kisha ya O'Swald, zilinunua simbi za pwani yetu kwa shehena za meli na kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako zilikuwa pesa ya sokoni. Huko walilipia mafuta ya mawese. Simbi haivuliwi kwa ngalawa. Inaokotwa kwa mkono, mgongo umeinama, maji yakiwa yametoka. Kwa hiyo ukisoma juu ya utajiri wa wafanyabiashara wa Zanzibar wa wakati ule, usiishie kwenye karafuu na pembe za ndovu.

Uvuvi mwingine wa kike ulikuwa kutanda. Wanawake wawili au wanne wanashika pembe za kitambaa, wanaingia maji ya magoti, wengine wanafukuza dagaa kuelekea kitambaani, kisha wote wananyanyua kwa pamoja. Ni kazi ya kicheko, maana mmoja akichelewa kunyanyua samaki wote wanapita kwake na atasemwa mpaka jioni. Siku hizi wako wanaotanda kwa chandarua. Hapo sisi hatukubaliani nao: chandarua kina dawa, na matundu yake hayamwachi hata mtoto wa samaki wa siku mbili.

Mwaka 1989 ukaja mwani. Mbegu ilitoka Ufilipino, na kilimo cha biashara kikaanza Paje na Jambiani. Wanawake waliingia kwa wingi kuliko wanaume, kwa kuwa shamba lenyewe lilikuwa pwani, mahali pao. Kwa mara ya kwanza wengi walishika pesa zao wenyewe: magodoro, vyombo, ada za watoto, bati la nyumba. Kulikuwa na manung'uniko majumbani, tusifiche. Lakini Suratu-n-Nisaa aya ya 32 iko wazi kwamba mwanamke ana fungu lake katika alichokichuma, na mume mwenye elimu ya dini analijua hilo kabla hujamkumbusha. Baadaye maji yakapata joto, aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi ikawa inaoza na kukatika, na kina mama wengi wakarudi kwa pweza.

Waliporudi walikuta wageni. Hoteli na wanunuzi wa kusafirisha nje walikuwa wamepandisha bei ya pweza, na vijana wa kiume wenye miwani ya kuzamia na mikuki wakaanza kumfuata. Mwanamke anatembea kwa miguu kwenye maji haba na mti wake. Kijana anaogelea hadi ukingo wa mwamba. Hapa ndipo ugomvi wa leo ulipo, na si mdogo, kwa sababu pesa ya pweza kwa mama asiye na mume ndiyo unga wa kesho.

Dawa moja iliyofaa ni kumpumzisha. Mwaka 2004 wanakijiji wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walifunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa, na walipofungua wakakuta pweza wakubwa. Mtindo huo ukafika kwetu, Kisiwa Panza huko Pemba wakiwa miongoni mwa waliouchukua. Inawezekana kwa kuwa pweza hukua upesi sana na umri wake ni mfupi, kiasi cha mwaka na kidogo. Jike hutaga mara moja tu maishani. Hukaa pangoni akiyalinda mayai bila kula, yakishaanguliwa hufa. Ukimkuta katika hali hiyo mwache. Ukijaaliwa, na wewe utakuwa mama.

Basi tushuke. Bamvua hufika mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na sisi wenye kuhesabu Hijria tuna bahati, kalenda iko ukutani tayari. Siku hizo maji ya Unguja hupwa kabisa kiasi cha saa nne asubuhi, na kila siku inayofuata husogea mbele kama dakika hamsini. Ukishuka saa tatu na kugeuka maji yanapogeuka, unaiwahi Adhuhuri nyumbani, na nguo umeshabadilisha.

Nguo sasa, maana hapa ndipo tuna la kusema kama mafundi. Buibui liache msumarini. Likilowa linazunguka miguu na kukuangusha. Vaa suruali pana, juu yake gauni linaloishia chini kidogo ya goti, kwa kitambaa kisichonata mwilini kikilowa, na rangi iliyokoza. Kina bibi walivaa kaniki, na kaniki haionyeshi. Ushungi uwe wa kushonwa, usio wa pini, upepo wa kaskazi hauna adabu. Yule mama wa Australia, Aheda Zanetti, alipobuni burkini mwaka 2004 dunia ilishangaa, lakini wanawake wetu walikuwa wanaingia majini na stara zao tangu zamani. Miguuni vaa raba za soli ngumu, kwa ajili ya wale wa miiba mirefu meusi na yule samaki anayejifanya jiwe. Akikuchoma, weka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyastahamili, kisha uende hospitali. Hina ya harusi iache ikolee kwanza, maji ya chumvi hayaihurumii.

Nyumba ya pweza utaijua kwa uchafu wa mlangoni: magamba na vijiwe alivyovipanga mwenyewe. Ingiza mti taratibu. Akiushika, usivute kwa pupa, mchokoe mpaka achoke kukaa ndani. Akitoka mshike nyuma ya kichwa na ukigeuze ndani nje kama unavyogeuza mto wa foronya. Atakuzonga mkono, na hapo ndipo mabibi harusi hupiga yowe. Mbandue mkono mmoja mmoja, hana nia mbaya. Asiyefika nusu kilo mrudishe. Shimo lisilo na magamba mlangoni usitie mkono, huenda ni la mkunga, na mkunga wa baharini hazalishi mtu, anang'ata. Gamba zuri lenye umbo la pia usiliokote hata likikupendeza vipi, aliyemo ana sumu ya kuua.

Wanaovua kwa mshipi au fimbo kama mchezo nao wana bibi yao wa kujivunia. Tarehe 7 Oktoba 1922, Georgina Ballantine alivua samoni wa ratili 64, kama kilo 29, katika Mto Tay huko Uskochi, baada ya kuvutana naye zaidi ya saa mbili. Rekodi hiyo ya Uingereza hakuna mwanamume aliyeivunja mpaka leo.

Usishuke peke yako mara ya kwanza. Kama ulivyokuwa na somo wa harusi, tafuta somo wa pwani: mama mkwe, shangazi wa mume, bibi yeyote mwenye mti wake. Mwamkie shikamoo, mbebee kikapu, na mwamba wake usiutangulie, kwani kila bibi ana mashimo yake anayoyajua kwa jina. Pweza wa kwanza mpe yeye. Wa pili mponde juu ya jiwe mpaka alainike, mchemshe na ndimu na tangawizi, na supu umpelekee mume. Kwa nini wanaume wa visiwani wanaipenda hivyo supu hiyo, somo wako wa harusi alishakueleza.