Miiko Ilipoondoka, Dhahabu Ikarudi

Ndugu msomaji, ukikaa kijiweni Kahama au Geita hutakosa kusikia mtu akisema, "Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake." Husemwa kwa kicheko, pale anapotajwa mtumishi aliyejenga ghorofa kwa mshahara ambao kila mtu anaujua. Lakini jamani, hiyo kamba ina historia yake, na sehemu ya historia hiyo imepita hapa hapa Usukumani.

Mwaka 1967 Azimio la Arusha liliwawekea viongozi miiko. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Kwa upande wa Geita tuseme ukweli, kishawishi kilikuwa kidogo. Mgodi wa zamani, ulioanza miaka ya 1930, ulikuwa umefungwa mwaka 1966. Kilichobaki kung'aa ni almasi ya Mwadui, na huko Serikali ilikuwa mbia tangu 1958.

Kipimo kikubwa cha uongozi kilikuja bila dhahabu. Mwaka 1976 vyombo vya dola viliendesha msako Mwanza na Shinyanga dhidi ya watuhumiwa wa mauaji ya vikongwe. Watu waliteswa na baadhi yao wakafia mikononi mwa polisi. Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, hakumpiga mtu. Angeweza kusema, eti, mimi nilikuwa Dar es Salaam. Januari 1977 akajiuzulu, maana wizara ilikuwa yake. Akarudisha cheo, gari na heshima zote. Baadaye akapelekwa kuwa balozi Misri, na mwaka 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Kumbe kuachia cheo si lazima kuwe mwisho wa mtu.

Sasa hapa ndipo historia inapotuchanganya. Miaka ya 1980 bei zilipanda hadi mshahara wa mwezi ukawa hauvuki wiki. Mwalimu akauza maandazi, karani akafuga kuku, mkurugenzi akaweka daladala barabarani kwa jina la shemeji yake. Ikaitwa "miradi". Miiko ilikuwa bado kwenye maandishi, lakini nani aliifuata? Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, Mwenyekiti akiwa Mzee Mwinyi huyo huyo, ikakutana Zanzibar na kuilegeza. Hisa ruksa, mishahara miwili ruksa, nyumba za kupangisha ruksa.

Siwezi kuwacheka waliopitisha uamuzi ule. Sheria inayovunjwa na kila mtu gizani huwafundisha watu unafiki, na mtoto wa karani naye alitaka kula. Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliamriwa kuondoka Bulyanhulu ili kampuni ya kigeni ichukue eneo. Mwaka 1998 ikaja Sheria ya Madini, mrabaha wa dhahabu ukiwa asilimia 3. Mgodi mpya wa Geita ukaanza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu 2001. Yaani enzi za miiko, dhahabu ya Geita ililala ardhini. Ilipoamka, miiko imeshaondoka. Kamba ililegezwa kwa ajili ya banda la kuku, mbuzi akakuta shamba zima.

Ipo Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, inayomtaka kiongozi atangaze mali zake. Ni jambo jema. Lakini kutangaza ulichonacho ni kitu kimoja, na kujinyima usichostahili ni kitu kingine kabisa.

Tusiwanyooshee kidole wakubwa peke yao. Kijana wa leo anamaliza chuo, anapata kazi ya kuthamini mashamba ya watu watakaohamishwa kupisha mgodi. Anaambiwa: andika migomba kumi pale ulipohesabu thelathini, na mwakani utakuwa mkuu wa kitengo. Nyumbani ana mama mgonjwa na wadogo zake wanasubiri ada. Hapo hakuna Azimio la kumkinga. Pengine hata atajiambia atafanya mara moja tu, akishapanda atakuwa mwadilifu. Wangapi walisema hivyo? Ukishapanda kwa ngazi ya mtu, ngazi inabaki kuwa yake.

Kwa hiyo mwenzangu, usingoje kamba ifungwe tena kutoka juu. Andika miiko yako mwenyewe ukiwa bado huna kitu, maana ukishaanza kula ni vigumu kuiandika. Na siku ukiulizwa kama inawezekana mtu kuachia cheo kwa ajili ya watu wa Shinyanga asiowajua hata kwa sura, jibu kwamba inawezekana, ilishafanyika mwaka 1977.