Mafundi wa Bao Waliokosa Daftari

Kuanzia Feri, watu wanapongoja kuvuka kwenda Likoni, hadi kwenye baraza za Mji wa Kale, bao ni mchezo wa zamani sana Mombasa. Shahidi wetu mkubwa ni Muyaka bin Haji, mshairi wa mji huu aliyefariki karibu mwaka 1840, ambaye alitunga shairi zima juu ya bao. Hakuna mshairi anayejenga hoja juu ya mchezo ambao wasikilizaji wake hawaujui. Basi mjini hapa, zama za watawala wa Mazrui, kulikuwa na watu waliolielewa bao kiasi cha kufurahia fumbo lililofichwa ndani yake, na palipo na wachezaji wengi kiasi hicho hapakosi waliowazidi wenzao. Lakini majina yao yako wapi? Wamepotea, na nashikilia kwamba hawakupotea kwa kuwa ufundi wao ulikuwa mdogo. Bingwa wa taifa huhitaji mtu wa kuandika alichocheza, na mafundi wa Mombasa hawakumpata mtu huyo.

Muyaka mwenyewe angeweza kupotea vivyo hivyo. Mashairi yake yaliishi vichwani mwa watu kwa takriban nusu karne baada ya kifo chake, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya na kuyaandika akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor. Diwani ikachapishwa mwaka 1940 chini ya uhariri wa William Hichens. Shairi lilipata bahati ya kuwa na vina na mizani, vitu vinavyosaidia kumbukumbu. Mchezo wa bao hauna vina. Ukishamalizika, kete hukusanywa, na hata aliyeshinda, baada ya wiki, atakumbuka furaha yake kuliko hatua zake.

Ili kuona daftari linavyoweza kuokoa jina, tumtazame mchezaji wa sataranji Mir Sultan Khan wa Punjab, mtumishi wa nyumbani kwa tajiri Sir Umar Hayat Khan, aliyelelewa katika sataranji ya Kihindi yenye kanuni tofauti na za Ulaya. Alifika London mwaka 1929, akawa bingwa wa Uingereza mwaka huohuo, akarudia mwaka 1932 na 1933. Huko Hastings, msimu wa 1930–31, alimshinda Capablanca, aliyekuwa bingwa wa dunia hadi 1927. Mwishoni mwa 1933 bwana wake alirudi nyumbani naye akarudi, na safari yake katika mashindano makubwa ikaishia hapo, kabla ya kutimia miaka mitano. Alifariki mwaka 1966. Hata hivyo, mwaka 2024 shirikisho la dunia la sataranji lilimpa cheo cha heshima cha ustadi wa juu kabisa. Uamuzi huo uliwezekana kwa sababu michezo yake imo vitabuni, hatua kwa hatua, na mtu yeyote anaweza kuipanga tena mezani leo na kujionea alivyofikiri.

Kuna watakaosema kwamba ulinganisho huu hauna haki, kwamba sataranji ni elimu na bao ni burudani ya wazee jioni. Hilo huwezi kulisema ukishaketi mbele ya bao la Kiswahili. Matundu ni thelathini na mawili, kete sitini na nne. Kila mchezaji huanza na sita ndani ya nyumba, yaani tundu lake kuu, mbili na mbili katika matundu mawili ya pembeni yake, na ishirini na mbili mkononi. Katika kunamua, awamu ya kwanza, anatia kete moja kila zamu, na akila, kete alizokula zinaingia upande wake mwenyewe na kusambaa tundu kwa tundu. Ikiangukia ya mwisho penye kete, safari inaendelea. Hatua moja inaweza kubadili nusu ya bao. Kinachokuja baadaye, mtaji, ni kigumu zaidi. Mholanzi Alexander de Voogt aliishi na mafundi wa Zanzibar, akaandika michezo yao na kupima uwezo wao wa kuhesabu na kukumbuka, na kitabu chake cha mwaka 1995 kimejaa heshima kwa akili zile. Alionyesha pia kwamba bao linaandikika: taja safu, namba ya tundu na upande wa kwenda, na hatua imehifadhiwa.

Pingamizi zito zaidi ni la wenye baraza wenyewe. Bao, wanasema, ni maneno, utani na adabu ya kupokezana. Ukilitia kalamu na saa utaua kinachowakutanisha watu. Naiheshimu hofu hiyo, kwani mtafiti Philip Townshend, katika makala yake ya mwaka 1982, alionyesha jinsi bao linavyobeba maadili ya Waswahili. Lakini kuandikwa kwa Muyaka hakukuwanyamazisha washairi wa Mombasa. Waliofuata walipata mtu wa kumjibu na kumpita. Fundi wa Mji wa Kale angefaidika vivyo hivyo na michezo ya babu yake mbele ya macho yake. Mchezaji wa sataranji wa Kenya hufungua daftari na kujifunza kosa alilofanya mtu aliyefariki miaka mia iliyopita. Fundi wa bao naye, akitaka kujua mwenzake wa mwaka 1900 aliilindaje nyumba yake, hana pa kutafuta.