Ufito wa Mhazini wa Farao

Katika jumba la makumbusho la Louvre, mjini Paris, umo ufito wa mti wenye urefu wa sentimita 52 na ushei. Ulikuwa mali ya Maya, mhazini wa Tutankhamun, Farao aliyetawala Misri katika karne ya 14 kabla ya kuzaliwa Kristo. Ufito huo ni dhiraa moja ya kifalme, nayo imegawanywa nyanda 28, yaani upana wa vidole 28.

Wanda mmoja una sehemu 2, unaoufuata sehemu 3, wa tatu sehemu 4, na hivyo hivyo mpaka wanda wa kumi na tano, wenye sehemu 16. Mwanafunzi adhaniaye kuwa moja ya kumi na sita huishinda nusu, kwa kuwa 16 huishinda 2, na autazame ufito huo. Kadiri vipande vizidivyo wingi, ndivyo kila kimoja kipunguavyo ukubwa.

Mstari wa namba tuuchorao ubaoni ni jamaa ya ufito huo. Ukitaka mahali pa 2¾, gawanya nafasi iliyo baina ya 2 na 3 mafungu 4 yaliyo sawa, kisha toka 2 ukahesabu matatu. Ukianza sifuri ukahesabu robo kumi na moja, utafika papo hapo. Majina ni mawili, mahali ni pamoja. Mganda wa mahindi huweza kugawanywa kwa kukadiria. Jiwe la ukuta halikubali makadirio, na ndiyo sababu Wamisri waliipa kila sehemu alama yake.