Somo la Historia: Ngitili za Shinyanga

Leo tutajifunza habari za nchi iliyokaribia kuwa jangwa, na jinsi wenyewe walivyoiponya.

Nchi hiyo ni Shinyanga, katika Usukuma, kusini ya Ziwa Victoria. Wasukuma ni wakulima, tena ni wafugaji. Tangu zamani walikuwa na desturi iitwayo ngitili. Mvua zikianza, mtu hutenga sehemu ya malisho yake, akaifunga. Ng'ombe hawaingii humo mpaka kiangazi, majani ya kwingine yanapokwisha. Hapo huifungulia ndama na ng'ombe dhaifu. Kwa hiyo ngitili ni ghala, ila chakula chake ni cha mifugo.

Basi, kwa nini nchi iliharibika? Sababu ni nyingi. Katika miaka ya 1920 na 1930, serikali ya Waingereza iliwakusanya watu kufyeka misitu ili kumfukuza mbung'o, nzi aletaye malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Kusudi lilikuwa jema, lakini miti haikurudishwa. Kisha mashamba ya pamba yakapanuka, ng'ombe wakaongezeka, na miti ikaendelea kukatwa kwa kuni. Katika miaka ya 1974 na 1975 watu wengi wakahamishiwa vijijini, wakaziacha ngitili zao mbali, bila mlinzi.

Sasa fikirini jambo hili. Tone la mvua likiangukia majani, nguvu zake huvunjika, na maji huingia ardhini polepole. Likiangukia udongo mtupu, huuchimba, na maji hukimbia pamoja na udongo wa juu. Huo wa juu ndio wenye rutuba. Ukienda mtoni, haurudi. Ndivyo ilivyokuwa Shinyanga. Akina mama walifuata kuni mbali, na wakati wa kiangazi ng'ombe walikonda.

Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kifupi HASHI. Mwanzoni ulihimiza sana miche ya vitaluni. Lakini miche hutaka maji, na maji yalikuwa haba. Hapo desturi ya wazee ikakumbukwa. Chini ya udongo ule, visiki na mizizi mingi ilikuwa hai bado. Ilihitaji kupumzishwa tu, nayo ikachipua. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000.

Nani alizilinda? Amri ya serikali peke yake isingetosha. Vijiji viliweka sheria zao katika mkutano wa jadi uitwao dagashida, na sungusungu wakawakamata waliozivunja. Aliyelisha mifugo katika ngitili iliyofungwa alitozwa faini.

Yako mambo mawili ya kushika. La kwanza: ardhi ni kama duka. Mwenye duka akila faida, duka husimama. Akila mtaji, atafunga mlango. Majani yanayoota kila mwaka ni faida. Udongo na mizizi ni mtaji.

La pili: asiye na shamba hana ngitili, naye anapika kila siku. Kijiji kikifunga malisho yote bila kutenga ngitili ya watu wote, maskini atapata wapi kuni? Ulinzi usiomkumbuka huyo hauna maisha marefu.

Sasa chukueni madaftari, mjibu kwa maandishi:

1. Ngitili hufungwa lini, na hufunguliwa lini?
2. Kwa nini udongo mtupu huchukuliwa na maji?
3. Katika kijiji chenu, ni mahali gani panafaa kupumzishwa? Nani ataumia pakifungwa, naye asaidiwe vipi?

Swali la tatu lijadilini pamoja darasani kabla ya kuandika. Kwaherini.