Cheti cha Kurudi: Funzo la Chae Chan Ping kwa Wakazi wa Kudumu wa Leo

Tarehe 2 Juni 1887 kibarua Mchina, Chae Chan Ping, aliondoka San Francisco kwenda kwao kwa muda. Alikuwa ameishi California tangu mwaka 1875. Mkononi alikuwa na cheti cha serikali ya Marekani kilichomruhusu kurudi, kwani sheria ya mwaka 1882, iliyopiga marufuku kuingia kwa vibarua wapya kutoka China, iliwaachia mlango huo waliokuwamo tayari.

Septemba 1888 alipanda meli Hong Kong kurejea. Akiwa angali baharini, tarehe 1 Oktoba, Rais Grover Cleveland alitia saini Sheria ya Scott, iliyobatilisha vyeti vyote vya namna hiyo. Meli yake ilitia nanga tarehe 8 Oktoba. Wiki moja ilikuwa imetosha kuufuta ukazi wa miaka kumi na miwili, na Wachina wapatao 20,000 waliokuwa ng'ambo wakafungiwa nje pamoja naye. Mei 1889 Mahakama ya Juu ilitamka kwa kauli moja kwamba ruhusa ile ilikuwa hisani tu, ambayo serikali ingeweza kuiondoa wakati wowote ipendapo.

Msimamo huo ulilegea polepole. Mwaka 1982, katika shauri la Landon dhidi ya Plasencia, mahakama hiyohiyo ilikubali kwamba mkazi wa kudumu anayerejea baada ya safari fupi anastahili kusikilizwa kwa haki. Lakini ni safari fupi. Kadiri mtu anavyokaa nje, ndivyo kinga yake inavyopungua.

Kanuni za leo zimejengwa juu ya msingi huo. Akikaa nje mwaka mmoja au zaidi mfululizo, mwenye kadi ya kijani hawezi kuitegemea kadi hiyo peke yake kurudi. Hati ya kurejea huombwa mtu akiwa bado ndani ya Marekani, na kwa kawaida hudumu miaka 2. Hata hiyo haimalizi maswali. Afisa wa mpakani huangalia nia: je, ana makazi, analipa kodi kama mkazi, familia yake iko wapi? Aliyechelewa bila hati hulazimika kuuthibitishia ubalozi kwamba alizuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wake.

Suala hili linatugusa. Kenya iliruhusu uraia wa nchi mbili kwa Katiba ya 2010. Tanzania bado haimruhusu mtu mzima kuwa nao. Kwa hiyo Mtanzania asiyetaka kuuacha uraia wake huweza kuishi Marekani miongo kadhaa kwa kadi tu. Akiitwa nyumbani kumuuguza mzazi, kila mwezi anaokaa unahesabiwa dhidi yake.

Ndugu zetu wanaotunga sera za diaspora hupenda kuzungumzia fedha zinazotumwa nyumbani. Wajiulize pia ni gharama gani anayolipa mtu huyu kwa kubaki raia wetu, na kama ni haki kumwachia aibebe peke yake.